Bolti ya Ijumaa Jioni

Siku yangu ya kwanza kazini, Foremani hakuniuliza hata jina. Alinionyesha habu, yaani kitovu cha gurudumu la lori, iliyokuwa imelala uani tangu mvua za mwaka uliopita, nati zake sita zimeliwa na kutu mpaka pembe hazionekani vizuri, akasema, "Fungua." Kisha akaenda zake kunywa chai. Hapo ni Migori, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika gereji ya mabati nyuma ya soko. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na kiburi chote cha mtu ambaye cheti chake bado kimo ndani ya bahasha.

Nikavuta. Nikavuta tena. Spana ikaruka, na ngozi ya vidole vyangu vitatu ikabaki kwenye chuma. Foremani aliporudi alitazama damu, akatazama nati, akacheka mpaka chai ikamwagikia kiatu.

"Wewe kijana, unapigana na nani?"

"Na nati, Foremani."

"Imekukosea nini?"

Alikuwa Mkuria mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na matusi yake yalisikika mpaka sokoni. Lakini mbele ya chuma kilichoshikana alikuwa mpole ajabu. Alichuchumaa, akachukua brashi ya waya, akasugua kila nati mpaka rangi ya chuma ikarudi. Akachanganya dizeli na mafuta ya breki kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akadondosha tone baada ya tone pale nati inapokutana na bolti. Halafu akasimama. "Kesho," akasema. Nilidhani ananitania, kumbe kweli tuliiacha mpaka kesho yake.

Asubuhi akanionyesha yaliyobaki. Unagonga kichwa cha nati kwa nyundo, si kwa hasira, unagonga tu ili kutu ishtuke na mafuta yapate njia. Unavaa soketi ya pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili inakwangua pembe za nati na kukuachia kitu cha mviringo. Kisha unakaza kwanza. Ndiyo, unakaza! Kidogo tu, mpaka usikie imepumua. Ndipo unalegeza robo, unarudisha nusu ya hiyo robo, unalegeza tena. Ikikataa, unaichoma moto na kuigusisha mshumaa ingali moto, nta inanyonywa mpaka ndani kwenye thredi, yale meno ya bolti. Bomba refu la kuongezea spana nguvu ni la mwisho kabisa, na Foremani alikuwa amelificha juu ya kabati ili tukitaka kulichukua ni lazima tupande kwenye kiti na kila mtu atuone.

Ninyi vijana wa leo mna bunduki za upepo, mnabonyeza tu, trrr, nati iko chini. Sikatai, ningekuwa nayo wakati ule ningelala nayo kitandani. Lakini nimeona bunduki hizo zikikata bolti tatu kabla ya saa nne asubuhi, na mwenye bunduki anatazama chini kama vile ni bolti zilizoanza.

Nilikaa na Foremani miaka mitatu. Kisha nikapata nafasi Homa Bay, karakana kubwa kidogo, yenye shimo la kuingilia chini ya gari na jiliwa mbili za kubania vyuma. Aliyetuongoza tulimwita Msimamizi. Alikuwa mrefu, mtu wa tai hata kwenye jua la saa nane, na aliongea kidogo sana. Desturi ya karakana ile ilikuwa kumtuma fundi nyumbani kwa mteja ikiwa gari haliwezi kuletwa, na kwa barabara za wakati ule, magari mengi hayakuweza.

Kazi ya nyumbani ni kazi nyingine, nawaambia. Hakuna jiliwa, hakuna umeme, hakuna mwenzako wa kukushikia upande wa pili. Gari linakaa juu ya mawe, kuku wanapita katikati ya nati zako, na mwenye boma ameketi kwenye kiti anakutazama kama mtahini. Na magari ya huku kwetu kando ya ziwa yalikuwa na kutu ya kipekee. Pikapu zilibeba samaki, barafu ikayeyuka na ile chumvi, maji yakachuruzika chini usiku na mchana. Ukilala chini ya gari la aina hiyo unavuta harufu ya samaki wa mbuta, na bolti zimekuwa kitu kimoja na chuma kilichozishika. Kwa hiyo kanuni ya Foremani niliibeba: siku ya kwanza paka mafuta na uondoke, siku ya pili ndipo ufungue.

Niliivunja mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Ilikuwa Ijumaa. Msimamizi aliniita saa tano na kuniambia kuna mwalimu mkuu mstaafu kule Rusinga, pikapu yake ikifunga breki inavutwa kulia. "Jumapili asubuhi wana msiba Migori. Gari lazima liende," akasema. Nikafunga spana zangu kwenye gunia. Nilipofika kisiwani jua lilikuwa limeshainama.

Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli kweli, na boma lake lilionyesha ni siku ya maandalizi. Chakula cha kesho kilikuwa kimeshapikwa, nguo zimepigwa pasi, uwanja umefagiwa. Mimi ni Mkatoliki, lakini kwa jirani zetu hao kila mtu huku anajua: jua la Ijumaa likitua, kazi imekwisha mpaka jua la Jumamosi litue.

"Fundi, unaona kile kilima?" Mwalimu akaniuliza. "Jua likikigusa, spana inawekwa chini. Hapa kwangu ni hivyo tangu nijenge."

"Itakuwa tayari, Mwalimu."

Mkewe alikuja nikiwa nachomoa gurudumu. Wote walimwita Mama Mwalimu. Aliinama mpaka nikauona uso wake. "Wuoda," akaniita, yaani mwanangu, "anayezikwa ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Nataka nimwone uso kabla hawajamfunika. Nisaidie."

"Utamwona, Mama. Usijali."

Ugonjwa wa gari niliuona mara moja. Kalipa, kile kipande kinachobana diski ili gurudumu lisimame, ilikuwa imeshikana upande mmoja, pistoni yake haisogei. Ilitakiwa itolewe, isafishwe, irudishwe. Kalipa ile ilishikwa na bolti mbili tu. Ya juu nilisugua, nikapaka mafuta, nikagonga, ikatoka ikilia. Ya chini ilikuwa imekaa kwenye njia ya maji ya samaki kwa miaka. Hiyo ilihitaji kulala na dizeli, na mimi nilijua. Yeyote aliyewahi kushika spana angejua.

Nikatazama kilima. Nikatazama bolti. Nikachukua bomba.

Ikasogea robo. Kila fundi anaijua furaha ya robo ile. Badala ya kurudisha, nikavuta mbele, kwa sababu jua lilikuwa mgongoni kwangu nalisikia linavyopoa. Ghafla chuma kikawa laini mkononi, laini kama muhogo ulioiva, halafu tak! Kichwa na kipande cha shingo vikabaki kwenye soketi. Kilichosalia kilikuwa ndani, sawasawa na uso wa chuma, hakuna hata pa kushika.

Mwalimu alikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwangu, barazani, ameshavaa shati safi, Biblia magotini. Sentensi moja tu ilitosha: Mwalimu, imekatika. Mwanga wa kumtuma mtu mjini Mbita ulikuwa bado upo, wakodi gari jingine lije Jumapili alfajiri. Sikuisema. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini, fundi wa kutumwa, na Mama Mwalimu alikuwa ameniambia nisaidie. Niliona aibu. Sina neno zuri zaidi la kulitumia.

Nikaitoa kalipa, nikasafisha pistoni mpaka ikateleza vizuri, nikairudisha na kuikaza kwa bolti ya juu peke yake. Kisha nikafanya jambo ambalo nililiona kwa mafundi wa hovyo nikiwa Migori na nikawacheka. Kwenye beseni la kufulia palikuwa na sabuni ya kipande. Nikakata kidogo, nikaikanda na grisi, nikaitia kwenye tundu la kalipa, nikakisukuma ndani kile kichwa cha bolti na shingo yake mpaka kikakaa. Nikapaka tope. Ukitazama ungesema imekazwa na mtu mwenye nguvu zake.

"Tayari, Mwalimu," nikasema, na jua likagusa kilima.

Basi wakafungua Sabato. Tulipiga magoti barazani, mimi nikiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko, na Mwalimu akaomba kwa sauti. Alishukuru kwa wiki iliyopita. Alimwombea marehemu. Akasema, "Na tunakushukuru, Bwana, kwa mikono ya fundi huyu." Niliposikia hivyo nilitamani kuificha hiyo mikono mgongoni.

Magari ya kutoka kisiwani yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo nililala kwao. Jumamosi wakanipeleka kanisani nikiwa na shati la kuazima. Watu walinishika mkono, "Sabato njema, Fundi," na mimi najibu, natabasamu. Katikati ya mahubiri nikahesabu saa, na moyo ukaniuma. Siku nzima hii hakuna anayegusa kitu. Ningeipaka ile bolti dizeli Ijumaa na kuiacha, ingelala saa ishirini na nne inanywa, na Jumamosi jioni baada ya Sabato ningeifungua labda kwa mkono mmoja. Ile siku ya mapumziko niliyoikimbia ndiyo dawa yenyewe ambayo bolti ilikuwa inaitaka. Nilikaa pale kwenye benchi nikijiita mjinga kimoyomoyo.

Lakini nilikuwa nimeshajipangia. Jumapili nitapanda nao mpaka Homa Bay, nikifika nitasema, Mwalimu, tupitie karakana dakika chache nikaze kitu. Bolti moja itavumilia mpaka huko kama hatafunga breki kwa nguvu. Ndivyo mtu anavyojidanganya, nawaambia, kwa hesabu nzuri kabisa.

Jua lilipotua Jumamosi walifunga Sabato kwa wimbo. Mwalimu akanigeukia. "Sasa Fundi, unaweza kushika spana zako, kama kuna kilichobaki."

"Hakuna, Mwalimu."

Uongo wa kwanza nilikuwa nimeusema nikiwa na haraka. Huu wa pili niliusema nimekaa kitako, nimeshiba samaki wao.

Jumapili asubuhi pikapu ikatolewa. Mama Mwalimu alikaa mbele, kitambaa cheupe kichwani, kapu la ndizi magotini. Nikidhani tumemaliza, wakaja akina mama sita wa kanisani na sufuria zao, wakapanda nyuma, na springi zikalala. Nilikuwa naweka mguu kwenye tairi nipande nikamsikia Mwalimu akisema, "Homa Bay hatupiti. Tunakata na njia ya Ndhiwa, kuna shemeji ananingoja pale. Fundi, nitakushusha Mbita upate gari lako."

Niliiona ile njia yote kichwani, miteremko yake na ng'ombe wanaovuka. Nikashuka. Nikaenda mbele ya gari, nikaweka mikono miwili juu ya boneti.

"Mwalimu, zima."

"Kuna nini?"

"Zima gari, Mwalimu. Tafadhali."

Nilipiga magoti kwenye gurudumu la kushoto, nikapenyeza mkono, nikakishika kile kichwa cha bolti kwa vidole viwili. Kilitoka bila hata kupinga, sabuni nyeupe imekizunguka. Mwalimu alikuwa ameshuka na suti yake ya msiba. Alikipokea, akakinusa.

"Hii ni nini?"

"Ni sabuni, Mwalimu. Bolti ilikatika nikaibandika. Kalipa imeshikwa na bolti moja tu."

"Yawa!" mama mmoja alipaza sauti kule nyuma, na sufuria zikaanza kushushwa.

Mama Mwalimu alishuka polepole. Nilingoja matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Aliniuliza tu, "Tangu lini?"

"Ijumaa, Mama."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Kabla ya jua kutua."

Akatazama barabara ya kwenda Mbita. Nilijua anachohesabu, maana nami nilikuwa nimeshakihesabu mara mia. Akavua kitambaa chake cheupe, akakikunja, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari.

Gari la kukodi lilipatikana saa nne ikiwa imeshapita. Mimi nilirudi Homa Bay na spana zangu, nikamfuata Msimamizi nyumbani kwake, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho huku akinyoosha tai.

"Bolti kukatika ni kazi," akasema. "Hata mimi nimekata nyingi. Lakini sabuni?" Akanitupia ufunguo wa stoo. "Chukua drili ya mkono. Rudi ukamalize. Ukimaliza, uje tuzungumze kama bado una kazi hapa."

Jumatatu nikarudi Rusinga. Mwalimu na mkewe walikuwa bado Migori, mlinzi wa boma akanifungulia. Nilisawazisha kile kipande kilichobaki kwa tupa, nikatia alama katikati kwa tindo ndogo, nikatoboa kidogo kidogo, huku nikiongeza mafuta, nusu siku, kisha nikaijaza dizeli na kuiacha ilale. Jumatano asubuhi nikapigilia chuma cha pembe nne ndani ya tundu, nikakizungusha polepole, robo mbele, nusu ya robo nyuma. Kikatoka. Nilikuwa natia bolti mpya waliporudi.

Mama Mwalimu alileta kigoda, akakiweka karibu na gurudumu, akaketi.

"Nilikuta wanasawazisha udongo," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Kukatika kungekatika hata kwa fundi mwingine. Siongei habari ya kukatika." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Jumamosi yote ulikula mezani kwangu, wuoda. Asubuhi, mchana na jioni. Nilikupakulia mwenyewe."

Nililia pale pale, mtu mzima na spana mkononi, na yeye hakuninyamazisha. Baada ya muda akasema, "Haya, fungua na hilo gurudumu lingine. Nataka nione."

Msimamizi aliniacha kazini, lakini kwa mwaka mzima hakunituma kwa mtu nyumbani. Aliyebadilisha hilo ni Mama Mwalimu mwenyewe. Gari lao lilipoharibika tena alituma ujumbe nije mimi, wala si mwingine. Nikafurahi kama mtoto. Nilipofika, kigoda kilikuwa tayari kando ya gurudumu. Aliketi kuanzia bolti ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila niliyokaza alisema, "Shika uivute nione," nami nikaivuta. Akiwa na shaka aliivuta mwenyewe. Ikawa hivyo miaka yote iliyofuata, hata Mwalimu alipofariki na pikapu ikabaki yake. Wenzangu walinicheka kwamba nina inspekta wangu Rusinga. Sikukasirika hata siku moja. Kile kigoda kilikuwa haki yake.

Nimestaafu sasa, ninakaa Migori, na magari ya majirani yanakuja chini ya paa langu la mabati. Mkija kuniuliza siri za kulegeza bolti nitawaambia habari za dizeli na mshumaa na kukaza kwanza, na mtaondoka mkiridhika. Mambo hayo ni rahisi, yanafundishika kwa asubuhi moja. Lenye kunisumbua mimi mpaka leo ni zile hatua kumi na tano kutoka kwenye gurudumu mpaka barazani. Nimewaona vijana hodari kuliko mimi wakishindwa kuzitembea. Bolti ikikatika, mwite mwenye gari kabla hujaweka spana chini. Mwite ukiwa bado unatetemeka.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilitumwa Rusinga mara ya mwisho, breki zile zile. Mama Mwalimu alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo. Nilipochomoa gurudumu nikatazama kando, kigoda hakikuwapo. Nikaita, "Mama, nimeanza!"

"Endelea tu," akajibu kutoka jikoni. "Mimi napika."

Nikaendelea peke yangu. Nilisugua, nikagonga bolti nilizokuwa nimezipaka mafuta tangu jana yake, nikakaza kwanza. Na bolti ya chini, ole wangu, ikawa laini mkononi, halafu tak.

Nilikichukua kile kichwa cha bolti, nikavuka uwanja mpaka jikoni, nikakiweka mezani mbele yake. Alikitazama kidogo, akakisukuma kando kwa mwiko ili apate nafasi ya kuweka sahani.

"Ugali umeiva," akasema. "Nawa mikono, wuoda, tule."